Baba Amekwama Mlangoni

Chini ya dirisha letu la mbele kuna benchi la mbao, mguu wake mmoja umeongezewa kipande cha tofali. Hapo Shangazi anauza kahawa, na hapo wanakaa wale wale kila siku. Kuna Antena, mzee ambaye maisha yake yote amefunga antena na madishi juu ya mapaa ya watu. Kuna Hakimu, kinyozi wa kibanda cha jirani, anayekata kesi zote za mtaa huku mteja akimsubiri na povu shavuni. Na kuna Mwendo, anayepeleka mitungi ya gesi kwa pikipiki na kurudi na habari za kila nyumba. Mimi si mtu wa benchi. Nina mtoto mchanga, nina binti wa darasa la pili, nina mama mkwe ndani, na kazi haziishi. Lakini Jumamosi hiyo mchana nilimwacha mdogo kwa bibi yake, nikamwacha mkubwa sebuleni, mlangoni pa chumba cha nyuma, na tableti yake, nikatoka kukaa nao. Nilikuwa naogopa, na sikuweza kuogopa peke yangu mbele ya beseni la nguo.

Hakimu aliponiona akasogea kwenye jua ili mimi nipate kivuli.

– Shemeji, leo umetutembelea, – akasema Mwendo. – Kuna mtungi umeisha?

– Gesi ipo. Intaneti ndiyo inanitesa.

– Bado inakwama?

– Inakwama. Na sasa ni saa yao ya kucheza.

Wote walijua habari yenyewe, maana mtaa wetu ni mdogo. Mume wangu ni mchomeleaji vyuma, yuko nchi ya mbali anakotengeneza meli. Akipiga simu ya kawaida, binti yetu humpa shikamoo halafu hukimbilia nyuma ya kabati. Aibu tu ya kitoto, lakini baba mtu inamuuma. Ndipo akatafuta gemu moja la kujenga, la kucheza kwa intaneti. Humo ndani baba ni mtu mdogo mwenye kofia nyekundu na mtoto ni mtu mdogo mwenye nywele za kijani, na kila mwisho wa wiki wanajenga nyumba pamoja huku wanaongea. Humo binti yangu haoni aibu. Humo anamwambia baba yake mambo ambayo hata mimi hajaniambia.

Sasa nyumba ilikuwa karibu kupata paa, na gemu likaanza kukwama.

– Ile namba ya kwenye kona inasemaje? – akauliza Antena.

– Pingi? Mwanzoni inakuwa ndogo, ya kijani. Baba anatembea vizuri. Halafu ghafla inapanda, inakuwa nyekundu. Hapo baba anarukaruka, mara yuko kisimani, mara yuko ukutani, sauti inakatika vipande. Mwisho anaganda. Wiki iliyopita aliganda mlangoni, mkono juu, kama mtu anayetaka kubisha hodi.

– Pingi ni safari, mwanangu, – akasema Antena. – Unatupa neno, linakwenda mpaka kule, linarudi. Hiyo namba ni muda wa safari. Ikipanda, kuna kitu njiani.

– Kitu gani?

– Ndicho tunachokitafuta.

Shangazi alinipa kikombe. Alikuwa amekwisha kukipoza kwa kuimimina kahawa huku na huku, kwa sababu anajua mwenye mtoto mchanga hana muda wa kungoja kahawa ipoe.

Kusema kweli walikuwa wameshanisaidia sana. Antena alikuja mwenyewe, akazima ruta akaiwasha, akachomoa waya akaurudisha. Hakimu alinifundisha kubadilisha neno la siri. Mwendo alimbebea binti yangu kiti akamkalisha mlangoni pa chumba cha nyuma, karibu na ruta. Nilipiga simu kwa wenye intaneti, wakaniambia kwao kila kitu ni sawa. Na ajabu ni kwamba kila tulipoingia kundi zima kuangalia, kelele zetu zilimwamsha mdogo, na pingi ikashuka ikawa ya kijani kana kwamba haijawahi kuugua.

– Ugonjwa unaomkimbia daktari, – akasema Antena. – Mimi nasema ni ukuta. Ukuta wenu wa nyuma ni mnene, una nondo.

– Ukuta ulikuwepo tangu mwanzo, – akasema Hakimu. – Umenenepa lini? Hapa kuna mwizi. Mtu anavuta waifai ya shemeji.

– Neno la siri si tumebadilisha?

– Tumebadilisha mbele ya nani? Mbele yako na mbele ya Mwendo.

– Na mbele yako, – akasema Mwendo. – Tena kibandani kwako nyimbo zinapigwa kutwa. Zinatoka wapi?

– Zinatoka kwenye redio.

– Redio gani inayorudia wimbo ukiiambia?

Shangazi akacheka. Nami nilitaka kucheka, lakini masikio yangu yalikuwa dirishani. Ndani binti yangu alikuwa anamwambia baba yake alete mbao. Bado ilikuwa salama.

– Nyie mnatafuta karibu mno, – akasema Mwendo. – Waya wa intaneti unapita chini ya bahari. Nimeambiwa na mteja. Huko kuna samaki wanautafuna.

– Samaki anayetafuna Jumamosi na Jumapili tu? – akauliza Antena. – Siku za kazi anakwenda wapi?

– Siku za kazi mtoto hachezi, shemeji atajuaje kama unatafunwa?

Antena alifikiri. Akakubali kwamba hilo lina maana. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili. Hawakujua kwamba samaki sio waliokuwa wananikosesha usingizi.

– Kuna jambo sijawaambia, – nikasema.

Hakimu akampungia mkono mteja wake asubiri.

– Wiki iliyopita, kabla hajaganda, aliniita. Akamwambia mtoto, mwite mama asogee. Nikasogea. Akasema, kuna jambo nimekaa nalo moyoni siku nyingi, nataka… Basi. Hapo hapo akakwama.

– Halafu?

– Halafu wiki nzima ananiandikia habari fupi fupi. Hamjambo, sijambo, mtoto amekula? Lile jambo hajaligusa tena.

– Nawe hukumuuliza?

Nilitikisa kichwa. Namba yake ninayo. Kila siku niliishika simu, nikaiweka. Nilikuwa naogopa kwamba angeimalizia ile sentensi.

Hakimu alishusha pumzi ndefu.

– Shemeji, usinichukie. Mimi nanyoa waume za watu. Mwanamume akiwa kwenye kiti, nimemfunga shuka shingoni, anasema yote. Kuna wanaojikwamisha wenyewe. Mtu anaongea na mkewe, akifika penye swali gumu anafunika simu kwa kiganja, anasema, haloo, haloo, mtandao mbaya. Kumbe mtandao ni yeye.

– Hakimu, – akasema Shangazi.

– Sisemi ni yeye. Nasema wapo.

– Basi ungewaacha hukohuko kwenye kiti chako.

Nilijifunika kanga mabegani, na jua lilikuwa linawaka. Mwendo aliona. Akanisogezea kibakuli cha karanga, ingawa zilikuwa zake na zilikuwa zimebaki chache.

– Huyo rafiki yetu hawezi, – akasema. – Mtu anayejifunza gemu la watoto ili aongee na mtoto wake hawezi kufunika simu.

– Kweli, – akasema Antena polepole. – Hawezi. Ndiyo maana mimi nawaza jingine.

Natamani asingeliwaza.

– Mwanangu, humo kwenye gemu unamwona sura?

– Hapana. Namwona yule mtu mwenye kofia nyekundu.

– Unasikia sauti tu.

– Sauti tu.

– Siku hizi kuna mashine zinasikiliza sauti ya mtu, zikishaijua zinaongea kama yeye. Nimeona. Mashine inaweza kumwita mwanao kwa jina la utani. Lakini ukiiuliza jambo ambalo haijafundishwa, inafanya nini? Inaganda. Inajikwamisha, inafikiri.

– Unasema si yeye? – akauliza Mwendo.

– Nauliza tu. Mnajuaje kuwa ni yeye?

Hakuna aliyemcheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana hao watu hucheka kila kitu. Hakimu alitazama wembe wake. Mwendo aliacha kutafuna.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita binti yangu, akiwa anajenga mlango wa ile nyumba, alisema, Baba, ufunguo tuuweke chini ya chungu cha maua kama tunavyouweka kwetu. Na ile sauti ikajibu, bado mnauweka hapo hapo? Niliona ni maongezi ya baba na mwana. Sasa nikawaza ni nani aliyekuwa anauliza. Nikawaza mume wangu yuko wapi kama huyo si yeye, kama anajua kwamba kuna mtu amevaa sauti yake, kama ni mzima. Kahawa ikanimwagikia kidoleni na sikujua.

Ndipo sauti ya binti yangu ikatoka dirishani.

– Mama. Baba amekwama tena. Amesimama mlangoni, hatikisiki.

Antena alikuwa ameinuka nusu, mkono ukutani, uso umempauka, kana kwamba ameisikia hadithi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

– Yuko mlangoni mwa nyumba ipi? – akanong'ona Mwendo.

– Ya kwenye gemu, – akasema Shangazi. – Kaa chini.

Alifunika buli lake, akafuta mikono kwa kanga, akanitazama.

– Mwanangu, hapa kwetu unamwona yeye amekwama. Na yeye huko aliko anaona nini?

Tulitazamana. Wiki zote hizo tulikuwa tumepima ukuta, tumebadilisha neno la siri, tumemshitaki samaki. Hakuna hata mmoja aliyejua upande wa pili kunaonekana nini.

– Simu yangu iko ndani, – nikasema.

Mwendo alinipa yake. Alinifungulia, akanihakikishia ina salio, halafu akaenda kusimama mbali akitazama tairi la pikipiki, ili asisikie mambo yangu. Namba ya mume wangu naijua kwa moyo.

– Haloo, nani?

Ilikuwa sauti yake. Hiyo haikunitosha. Nikageukia ukuta.

– Niambie mtoto ana kovu wapi.

– Mke wangu? Hii namba ya nani? Kuna nini?

– Niambie kwanza.

– Kovu lipi, la goti au la kidevu? La kidevu ni siku ile nilimrusha juu nikamdaka vibaya, ukaninunia mpaka asubuhi. Ameanguka? Niambie, ameanguka?

Pumzi ikanirudi. Mashine haiwezi kuogopa hivyo. Antena alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ndiye. Akakaa, akafunika uso kwa kofia.

– Hajaanguka. Nakuuliza, sasa hivi kwenye gemu unaona nini?

– Nawaona ninyi mmekwama.

– Sisi?

– Ninyi. Mimi natembea. Mtoto ameganda uani na ubao mkononi, nami nazunguka ndani ya nyumba peke yangu nikimwita. Ndivyo inavyokuwa kila mara. Mke wangu, nimeogopa kukuuliza. Wenzangu hapa bwenini wamenieleza mengi. Mmoja anasema kuna mtu huwa anaingia nyumbani, mnazima gemu nisisikie.

Kwa hiyo na huko kulikuwa na benchi. Nilimwona akilini ameketi pembeni ya kitanda cha chuma, kati ya watu wazima wanaompa nadharia, naye anatabasamu kwa adabu.

– Hakuna anayeingia, – nikasema. – Kabla hatujakwama unasikia nini?

– Kile kile siku zote. Namsikia mama anambembeleza mdogo. Halafu anasema, shii, amelala. Halafu kitu kama bati, kwaa. Kisha hamtikisiki.

Niliingia ndani na simu sikioni. Nilimpita binti yangu mlangoni pa chumba cha nyuma, nikasukuma pazia. Mdogo alikuwa amelala kitandani, ngumi mbili kando ya masikio. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Mbele yake, juu ya kigoda ambapo ruta hukaa, palikuwa na sufuria yetu kubwa ya kuchemshia maji, imefunikwa kifudifudi. Aliweka kidole mdomoni.

– Mama, – nikanong'ona, – ruta iko wapi?

– Ipo humo. Mtoto akiamka naifunua.

– Kwa nini unaifunika?

– Inapika ubongo wa watoto. Nilisikia kwa masikio yangu nikiwa dirishani, hao wanaume wanasema. Ina miale. Mtoto akiwa macho anajitikisatikisa, haimpati. Akilala ndipo inamtulia kichwani. Nikaona chuma kitaizuia.

– Mbona hukuniambia?

Alinyoosha shuka la mtoto ambalo halikuwa na mkunjo.

– Mumeo yuko mbali, huna usingizi, una wawili wa kulea. Nikuongezee na hili? Niliona hili niliogope mimi.

Nilimshika mkono uliokuwa juu ya sufuria, tukaiinua pamoja, taratibu, isilie.

– Baba anatembea, – akasema binti yangu nje ya pazia, bila mshangao wowote, kama mtu aliyejua kuwa angetembea tu. – Pingi imekuwa ya kijani.

Kwenye simu mume wangu alikuwa amesikia kila kitu. Nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza mwaka mzima.

– Wiki iliyopita ulitaka kuniambia jambo.

– Ah, hilo. Ni upuuzi.

– Liseme.

– Nitasema ukiahidi hutacheka. Hii nyumba aliyoijenga mtoto nimeizunguka yote. Kuna chumba cha bibi. Kuna cha mdogo, kuna chako, kuna chake kina madirisha manne. Hata mbwa ana chumba, na mbwa hatuna. Changu sijakiona. Nikajiambia, basi, nimeanza kusahaulika. Nilitaka kukuuliza kama ananitaja ninapokuwa sipo.

Nilikaa sakafuni. Hilo ndilo jambo lililonifanya nisilale. Nikamgeukia binti yangu.

– Mwanangu, chumba cha baba kiko wapi?

Alinitazama kwa mashaka, kisha akatazama kioo.

– Si analala na wewe? Kwani mmegombana?

Nilimwekea simu mdomoni akarudia. Upande wa pili kukawa kimya, na kwa tabia mbaya niliyokwisha kuizoea nikatazama ile namba ya kwenye kona. Ilikuwa ndogo, ya kijani. Halafu nikasikia mtu anapenga kamasi.

Nilipotoka kumrudishia Mwendo simu, wote walikuwa wamesimama. Niliwaambia habari ya sufuria. Antena alijipiga kofi moja pajani, akaanza kueleza kwamba yeye alisema tangu mwanzo ni chuma, ukuta una nondo, na nondo ni nini kama si chuma. Mwendo akauliza sasa yule samaki aliyemsingizia amwombe radhi vipi. Walicheka, nami nikacheka nao.

Kicheko kilikatika mlango ulipofunguliwa. Mama mkwe alitoka na mdogo begani, amelala, na sufuria kwapani. Hajawahi kuja kwenye benchi lile tangu nimeolewa. Hakimu alisimama, akafuta mbao kwa taulo lake la kunyolea.

– Shikamoo mama.

– Marahaba. Wewe ndiye uliyesema ile ruta inapika ubongo wa mtoto?

– Mimi nilisema nimesikia, mama.

– Kwa nani?

– Kwa Antena.

– Mimi? – akasema Antena. – Mimi nilisikia kwako, siku ile unaninyoa.

– Nilikuwa nakuuliza, sikuwa nakuambia.

– Basi na mimi nilikujibu kama ulivyouliza.

Mama mkwe aliwangoja wamalize. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho yale yale niliyokuwa nayo mimi mwanzo wa mchana.

– Sikuulizi nani alisema, – akasema. – Nauliza, inapika au haipiki?

Antena alitazama paa la nyumba yetu. Hakimu alitazama wembe. Mwendo alinitazama mimi, nami, mama wa mtoto mwenyewe, nikamtazama Shangazi. Ndani binti yangu alikuwa anamwelekeza baba yake aweke vigae.

– Haya, – akasema mama mkwe. Aliketi pale Hakimu alipopafuta, akaweka sufuria miguuni, akamgeuza mjukuu wake uso ukaelekea barabarani, mbali na dirisha. – Wao waendelee kujenga. Sisi tutakaa hapa mpaka mmoja wenu ajue.

Shangazi alichukua kikombe kingine, akaanza kukipoza.